Mshauri, nyamaza kwanza

Jumanne nilikaa pembeni kwenye kikao cha binti aliyemaliza chuo juzijuzi, anayeanza kazi hii ya ushauri nasaha. Mteja alikuwa mama anayeanika dagaa mwaloni. (Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asijulikane.) Mumewe aliingia ziwani mwezi wa tatu, hajarudi. Alipofika kwenye hilo "hajarudi", binti akadakia: "Jipe moyo, mama. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Ni kweli, mwanangu," mama akaitika. Kisha akainama, akawa anafungua na kufunga fundo la kanga alimoweka nauli. Anafungua, anafunga. Iliniuma sana.

Mdogo wangu, maneno hayo ameshaambiwa na majirani, na mchungaji, na mwenye mtumbwi. Hakupanda daladala mbili kuja kuyasikia tena kwako.

Jina la kazi yetu linatuponza. Ushauri nasaha ni ushauri mara mbili. Wengi tulilisikia kwanza kwenye vituo vya kupima Ukimwi, ambako mnasihi alikuwa na mengi ya lazima kueleza, na alifanya vizuri kuyaeleza. Tukabaki tunaamini kwamba mwenye kiti ndiye msemaji. Mwanasaikolojia Carl Rogers kule Marekani alishaandika mwaka 1942 kwamba mteja ndiye aongoze mazungumzo, lakini hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Msibani kwetu unaingia, unasema "poleni", unakaa mkekani. Unaweza kukaa mpaka jioni bila neno lingine, na mfiwa akakukumbuka miaka. Kwa nini tukipata cheti tunausahau ule mkeka?

Nilimwashiria binti atulie. Hata fomu ya PHQ-9, ile ya kupima sonona, na maswali yake tisa nikaisogeza kando. Ukimya ukawa mrefu, binti akawa anahangaika kitini. Ndipo mama akasema, bado anatazama fundo lake: "Giza likiingia, wenzake wakienda kuvua, nakaa nje nahesabu taa zao ziwani." Akanyamaza tena. "Ndugu zake wanataka tuanue matanga. Nitaanua vipi na sijazika?"

Hilo ndilo lililomleta. Hakuja kutafuta moyo, moyo anao. Alikuwa na msiba usio na kaburi, na mji huu wa Mwanza unaujua msiba wa namna hiyo tangu Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama na wengine wakabaki humo humo majini.

Nakubali, kuna saa ya kusema. Mtu akidokeza kwamba amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali halimpandikizii wazo hilo. Ujue pia anaogopa polisi, maana kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinaliita jaribio la kujiua kosa. Anayehitaji daktari wa akili mpeleke hospitali ya Bugando, usimng'ang'anie. Ukikutana na mteja sokoni, ngoja akusalimie yeye. Na tafuta mkubwa kazini wa kukusimamia, usibebe haya peke yako.

Mama alipoondoka, binti macho yalikuwa yamemlenga machozi. "Sasa dada, nilitakiwa nimwambie nini?"

Nikamwambia, Jumanne ijayo muulize alihesabu taa ngapi.