Kivulini Pia Huchumwa

Methali ya mchumia juani hulia kivulini tulifundishwa tangu shule ya msingi, na sina ugomvi nayo inapomhusu mkulima au fundi wa ujenzi. Kwa mtu anayeishi kwa kutunga, kuchora au kupiga muziki, hata hivyo, naona imetuachia dhana yenye madhara: kwamba kivuli ni ujira anaopewa aliyekwisha kumaliza kazi, na kwamba anayekaa kivulini kabla ya hapo ni mvivu. Rai yangu ni kwamba katika kazi za ubunifu kivuli chenyewe ni sehemu ya shamba.

Hapa Nairobi dhana hiyo imekomaa. Ukimjulia hali msanii atakwambia kwamba anakimbizana na maisha, na atalisema jambo hilo kwa fahari kidogo. Mtu aliyeketi chini ya mti saa nne asubuhi siku ya Jumanne hudhaniwa kuwa hana kazi, na yeye mwenyewe huona haya, akatoa simu ili aonekane ana shughuli.

Chukua utunzi wa mashairi, kazi ninayoijua kwa karibu. Ubeti wa tarbia una mishororo 4, na kwa kawaida kila mshororo una mizani, yaani silabi, 16: 8 za ukwapi, ambao ni nusu ya kwanza, na 8 za utao, ambao ni nusu ya pili, pamoja na vina vinavyodai kutimizwa katikati na mwishoni. Nilikuwa na ukwapi uliosimama vizuri, "Kivuli cha mwembe wetu", nikakwama kwenye utao uliodai kina cha -ni. Kina hicho ni chepesi kupita kiasi, kwa kuwa moyoni, njiani, duniani na maneno mengine mengi ya mahali yanakitoa bila jasho, na wepesi huo ndio mtego, maana kalamu iliyochoka huokota neno la kwanza lililo karibu. Niliandika na kufuta maneno yaliyotimiza mizani bila kusema lolote. Mwishowe nikaiacha karatasi, nikaenda kuanua nguo, na nilipokuwa nikikunja shuka utao ukaja wenyewe: "na upepo wa jioni". Upepo huo ulikuwapo muda wote, ukipeperusha nguo kambani, ila mezani nisingeuhisi.

Mwingereza Graham Wallas alilieleza jambo hili mwaka 1926 alipoigawa kazi ya ubunifu katika hatua 4: matayarisho, kuatamia, kufunukiwa na kuhakiki. Katika hatua ya pili mtu huiweka kazi kando huku akili ikiendelea nayo chini kwa chini. Huwa nawasisitizia vijana wanaoniletea miswada kwamba utaratibu wa hatua hizo una maana yake, kwa sababu kuku anayeatamia kiota kitupu haangui kifaranga. Asiyesoma, asiyetazama watu, asiyeharibu karatasi kadhaa kwanza, hana cha kuatamia, na utulivu wake hautazaa kitu.

Wala si kila kuacha kazi ni kutulia. Mwaka 2001 mtaalamu wa ubongo Marcus Raichle na wenzake, huko Marekani, walieleza kwamba ziko sehemu za ubongo ambazo hufanya kazi zaidi mtu anapokuwa hana jambo mahususi la kushughulikia. Ukiwa kwenye matatu iliyonasa kwenye foleni ya Barabara ya Lang'ata, ukipitisha kidole juu ya video moja baada ya nyingine, mwili umekaa lakini akili ingali inatumwa huku na huko. Najua wapo watakaosema kwamba makelele ya mji huu ndiyo yaliyozaa michoro ya matatu na muziki wa genge, nami nakubali kabisa. Malighafi hukusanywa katika makelele. Kuichambua na kuipa umbo ni kazi nyingine, nayo inataka kimya.

Kimya hicho kinahitaji mahali. Wangari Maathai aliposimama mwaka 1989 kupinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, na baadaye alipopigwa akitetea msitu wa Karura mwaka 1999, tulizoea kusema alikuwa akitetea miti. Alitetea pia mahali ambapo mtu asiye na ua nyumbani, anayeishi chumba kimoja Pipeline au Kawangware, anaweza kuketi bila kulazimika kununua chai. Ndiyo maana ada ya langoni, hata ikiwa ndogo, si jambo dogo. Bustani ya Jeevanjee haina ada, lakini saa za mchana wahubiri na vipaza sauti huitawala. Ningependa serikali ya kaunti itenge kona moja tu isiyo na kipaza sauti.

Kimya kinahitaji fedha pia, na hapa ndipo mawaidha mengi kuhusu mapumziko huniudhi, kwa sababu humlaumu msanii kwa kutojipangia muda. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Mwandishi wa kujitegemea, mchoraji wa vitabu na mpiga gitaa wa mikesha hawaguswi na vifungu hivyo. Mama aliye na watoto na kazi za kutunga usiku ana mzigo mkubwa zaidi, na kumwambia apumzike bila kumpunguzia kitu ni kumwongezea kazi.

Kwa hiyo maneno yangu nayaelekeza kwa wanaoagiza kazi zetu. Mchapishaji anayeandika tarehe ya kukabidhi mswada kwa herufi nzito aiandike na tarehe ya kulipa kwa uzito huohuo. Atoe sehemu ya malipo mapema, kabla kodi ya nyumba haijamfukuza mtunzi mezani, na kati ya rasimu ya kwanza na ya pili aache wiki kadhaa ambazo hatapiga simu kuuliza kazi imefika wapi. Wiki hizo zihesabiwe ndani ya bei, kama zinavyohesabiwa karatasi na wino.