Bosi, Hujaweka ya Kutolea

Fundi bomba wangu ameniandikia asubuhi hii, hata salamu hakuna: "Bosi hela nimeiona ila hujaweka ya kutolea." Bomba la jikoni linavuja, ndoo imeshajaa, naye yuko zake Pasua anasubiri nimlipie gharama za kuishika hela niliyompa. Kutuma nimekatwa mimi. Kutoa nikatwe mimi. Sasa yeye kazi yake ni ipi, kupokea tu? Zamani ukimlipa mtu mkononi hakukudai nauli ya kuipeleka mfukoni.

Basi nikachomekea shati, maana mtaani naheshimika, nikashuka hadi Mbuyuni kwa wakala.

"Mangi, niwekee elfu kumi."

"Floti hakuna, mzee. Hela ya kwenye simu imeniishia."

"Mwavuli wote huu wa nini sasa?"

"Subiri apatikane mtu wa kutoa. Akitoa yeye, floti ikaingia, nakuwekea wewe."

Mtu wa kutoa alikuwepo, tena mbele yangu. Bibi mmoja wa Kibosho. Akafungua kona ya khanga, fundo la kwanza, fundo la pili, ikatoka leso. Ndani ya leso mfuko wa nailoni, ile ile iliyopigwa marufuku 2019. Ndani ya mfuko kitochi ambacho tarakimu zote zimefutika, imebaki sifuri peke yake.

"Baba, nisaidie. Macho yameniacha."

Nikasaidia, maana bila yeye na mimi nakesha hapo. Toa pesa. Namba ya wakala. Kiasi. Weka namba ya siri. Hapo nikamrudishia simu yake, nikageuza uso kwa adabu kuangalia mlima. Mlima wenyewe ulikuwa umejifunika mawingu, lakini niliuangalia hivyo hivyo.

"Weka wewe, baba. Ni mwaka niliomzaa Aikande."

"Mwaka gani huo, bibi?"

"Si ule walipopeleka Mwenge kule Kibo!"

Foleni nzima ikaamka. Mwanafunzi mmoja mwenye sare akapayuka: "Tarehe 9 Desemba 1961! Luteni Alexander Nyirenda!" Angekuwepo mwalimu wake angelia kwa furaha. Nikabonyeza 1961. Namba ya siri si sahihi.

Mzee mwenye pama akasogea mbele, akakohoa. "Mama, huyo Aikande usiku ule wa Mwenge alikuwa mgongoni au tumboni?"

Bibi akafikiri. Akaendelea kufikiri. Menyu ikatutupa nje, tukaanza upya.

"Tumboni," akasema. "Watu walikunywa mbege, mimi harufu tu ikanitapisha."

"Basi huyo ni wa 1962," mzee akahukumu. "Mwaka wa Jamhuri."

Dada anayeuza parachichi akakataa. Tumbo la kutapika ni changa, sawa, lakini shemeji yake yeye alitapika mpaka siku ya kujifungua, kwa hiyo Aikande angeweza kabisa kuzaliwa Desemba ile ile. Bodaboda mmoja akaunga mkono, sijui yeye alizaa lini. Wengine wakasema dada anapotosha watu, kwani 1961 si imeshakataliwa? Dada akajibu imekataliwa kwa sababu nimebonyeza vibaya, simu yenyewe haina namba. Macho yote kwangu. Menyu ikatutupa tena.

Mangi akatoa kichwa dirishani: jamani msikosee ovyo, laini itafungwa, na kuifungua mtatakiwa kutaja namba ya NIDA yenye tarakimu 20. Mpigieni Aikande mwenyewe. Bibi hana salio. Kwa hiyo simu ikawa yangu na dakika zikawa zangu.

"Shikamoo dada. Niko hapa Mbuyuni na mama yako. Tunaomba mwaka wako wa kuzaliwa, tumalizie namba ya siri."

Kimya. Halafu likaja tusi kutoka Dar es Salaam ambalo sijawahi kuambiwa hata na mama mwenye nyumba: "Mwizi mkubwa wewe! Na shikamoo unatoa! Namba yako naituma 15040 wanakoripotiwa matapeli, sasa hivi!" Akakata.

Mimi! Mimi ninayepokea kila uchao "ile hela tuma kwenye namba hii" na nawafuta kimya kimya bila kumtukana mtu!

Nikabonyeza 1962 kwa hasira. Ikakubali. Watu wakapiga makofi, mzee wa pama akapokea mikono ya pongezi. Nikamwita bibi pembeni nikamnong'oneza kwamba namba hiyo sasa inajulikana mpaka kwa mtoto wa karanga, aibadilishe.

"Nitambadilishaje mtoto, baba?"

Tukarudi kwa Mangi. Floti imeingia, ila sasa noti hana. Noti ninayo mimi. Elfu kumi yangu ikapita mkononi mwake bila kugusa droo, ikaenda moja kwa moja kwenye fundo la khanga. Yaani kumbe tungeweza kumalizana mimi na bibi asubuhi ile ile, tukachukua na chai.

Nikamtumia fundi, na ya kutolea juu. Akajibu: "Poa bosi niko saiti nyingine."

Huduma hizi zilipoingia nchini 2008 tuliambiwa foleni za benki basi. Kweli, benki nilikuwa nakaa kwenye kiti, kuna feni. Ilipokuja tozo ya miamala Julai 2021 nikarudi kwenye bahasha na kondakta wa basi la Rombo. Hata Septemba walipoipunguza asilimia 30 kondakta sikumwacha, maana yeye hakuwahi kuniambia mtandao unasumbua. Alikuwa anasumbua yeye, lakini unamwona.

Bando silisemi. Ukilisema linaisha.

Ninachotaka kukisema ni chaja. Jirani yangu ana simu ya kioo kikubwa kuliko dirisha langu la choo, chaja hana. Anakuja usiku, anachomeka kwangu, umeme wa luku yangu, anakaa kwenye kochi langu kusubiri ijae, na wakati inajaa anaangalia video kwa sauti. Kwa hiyo haijai. Jana nimemwambia aipeleke pale saluni, wanachajisha kwa hela ndogo tu. Akaniuliza kama naweza kumtumia.