Kila Mtu Fundi

Mlio wa gari lisilotaka kuwaka huita watu haraka kuliko msiba. Nyi-nyi-nyi-nyi-nyi. Nilikuwa sijapumzisha mkono, jirani tayari yuko dirishani, mswaki mdomoni, na kutoka nyuma ya povu akatangaza: "Betri hiyo!"

Haikuwa betri. Betri ikichoka, starta huvuta kwa taabu au hutoa tak-tak-tak tu, na taa za dashibodi zinafifia. Yangu ilikuwa ikiizungusha injini kwa moyo mmoja, ila injini yenyewe ndiyo haipokei. Nikamweleza hivyo. Akatema povu, akafikiri, akasema: "Basi starta imekufa."

Marehemu tulikuwa tunamsikia wote wawili.

Mara akatoka shemeji yangu, ambaye alikuwa mgeni pale nyumbani. Shemeji hajawahi kukutana na tatizo asilolijua. Kwake yeye gari lisilowaka ni pampu ya mafuta, na dawa ya pampu ni kipigo. Akavua kiatu, akajilaza chini ya gari upande wa nyuma, akaanza kuligonga tangi kwa kisigino cha kiatu huku akiniamrisha: "Piga! Piga tena! Usiachie!" Mimi nyi-nyi-nyi, yeye du-du-du, ukisikia kwa mbali ungedhani kuna ngoma inatafuta mwimbaji. Tumtendee haki: zipo pampu za umeme zilizochoka ambazo hushtuka kidogo tangi likigongwa. Lakini starta haitakiwi kushikiliwa zaidi ya sekunde 10 hivi bila kuachwa ipoe, na shemeji alitaka tuendelee mpaka mmoja wetu ashinde.

Tukiwa katika mapumziko, wakatokea vijana wapita njia. Hawakuuliza kitu. Walishika buti wakaanza kusukuma. Sasa, kusukuma gari ni kufanya kazi ya starta kwa miguu, na starta yangu haikuwa imeomba msaada. Isitoshe gari ni otomatiki. Hilo hata ulisukume mpaka mpakani, haliwaki. Haya yote niliyasema vizuri sana, kwa sauti, nikiwa ndani, huku gari linakwenda. Tulisimama katikati ya maua ya yule jirani wa betri, ambaye tangu hapo aliacha kutafuta ubovu kwenye gari akaanza kuutafuta kwangu.

Alipita pia mzee mmoja akasema nimelinywesha, plagi zimelowa, nikanyage mafuta mpaka chini ndipo nipige starta. Ushauri mzuri, tena wa mtu anayejua: magari mengi ya kompyuta, ukikanyaga hivyo wakati wa kupiga starta, hufunga nozeli, vile vipulizia mafuta, ili injini ikauke. Tatizo ni kwamba hapakuwa na harufu ya petroli hata chembe. Mzee akanusa, akaniaga.

Fundi wa kweli alipofika hakusema ni nini. Nilimheshimu hapo hapo. Alifungua plagi moja, akaigeuza machoni: kavu. Akaichomeka kwenye koili yake, ile inayoipa umeme wa cheche, akaigusisha chuma cha injini, nikapiga starta. Hakuna cheche.

"Mafuta hayaji na moto hauji," akasema. "Pampu haiwezi kuzima moto. Koili haiwezi kuzuia mafuta. Vyote viwili vikikosekana kwa mpigo, yuko mkubwa mmoja anayevinyima."

Shemeji akauliza kama huyo mkubwa anagongeka.

Fundi akaingia ndani, akawasha swichi bila kupiga starta, akaelekeza kidole kwenye dashibodi. Kulikuwa na kitaa chekundu chenye picha ya ufunguo, kinapepesa kwa kasi. Akaomba ufunguo wangu, akaupasua ganda. Ndani mtupu, plastiki na hewa.

"Gari hili haliujui ufunguo huu."

"Jana limenipeleka kazini na kunirudisha!"

Akanielimisha. Kwenye tundu la ufunguo kuna pete ya waya inayoisoma chipu ndogo iliyofichwa ndani ya ufunguo. Chipu haina betri. Pete ndiyo inayoipa nguvu, kwa umbali wa sentimita chache tu. Kompyuta isipoitambua, starta itazunguka upendavyo lakini mafuta na moto hupewi. Ni kinga ya wezi. Magari mapya ya Umoja wa Ulaya yanalazimishwa kuwa nayo tangu 1998. Kisha akapapasa chini ya usukani, pembeni ya lile tundu. "Hapa palikuwa na kitu. Pamesuguliwa."

Kumbe aliyeniuzia gari alichonga funguo za kawaida, zisizo na chipu, na chipu ya ule wa asili akaibandika kwa solotepu karibu na pete, moja kwa moja. Yaani kwa muda wote ule mwizi yeyote angeliwasha gari langu kwa raha zake, na siku kinga ilipofanya kazi kwa mara ya kwanza, ikamkamata mwenye gari.

Nikampigia kijana aliyeliosha jana jioni.

"Bosi! Umeona kazi?" Akaanza kunitajia: mazulia, matundu ya kiyoyozi kwa mswaki, mikanda. "Na lile lisolotepu chafu chini ya usukani nimelibandua, gundi nikaisugua kwa mafuta ya taa. Mtu wa heshima kama wewe!"

Alikuja na mfuko wa mashine yake ya kunyonyea vumbi. Tukaumwaga juu ya gazeti, tukachambua wote, na vijana wa kusukuma wakiwemo: nywele, sarafu, hereni moja ambayo mke wangu alisema si yake (mfuko umepita magari mengi, nikamkumbusha), na hatimaye kidonge cha solotepu chenye kitu cheusi kidogo kuliko ukucha.

Nililala kichwa chini, miguu juu ya kiti, nikaibana chipu kwenye pete kwa kidole. Fundi akazungusha ufunguo. Injini ikawaka hata kabla sijavuta pumzi.

Jirani akasema si aliwaambia ni mambo ya umeme. Shemeji akaeleza kwamba pampu huchukua muda kuitikia kipigo. Fundi alikuwa anafunga mkoba wake wakati kijana aliponisogelea, akanong'ona:

"Bosi, na ule waya wa njano niliouchomoa chini ya kiti chako, unaning'inia ovyo, nao nirudishe?"

Fundi akageuka. "Wa njano? Hizo ni nyaya za mifuko ya hewa!" Akaanza kuufungua mkoba upya.

Shemeji alishavua kiatu.