Cherehani Iliyoungua na Piano ya Chiharu Shiota

Mwezi uliopita duka la shoga yangu liliteketea. Ni fundi wa nguo, ameshona humu Mji wa Kale kwa miaka kumi na saba. Moto ulianzia duka la jirani, usiku, watu wamelala. Asubuhi tulikuta cherehani tatu zimesimama kwenye majivu, magurudumu hayazunguki, mbao zimeliwa zote. Pole zikamiminika kwenye simu yake, na katikati ya pole hizo ikaingia video: bakuli lililopasuka, dhahabu ikipita kwenye nyufa, na sauti ya mwanamume ikisema kwamba Wajapani hawatupi kilichovunjika, hukiunga kwa dhahabu kikawa kizuri kuliko mwanzo. Shoga yangu aliitazama mpaka mwisho, akaiweka simu kifudifudi, na kutwa nzima hakusema neno.

Hasira niliyoipata siku ile bado ninayo.

Kintsugi, huo uungaji wa vyombo kwa dhahabu, ni ufundi wa kweli, na kazi za wanaoujua ni nzuri mno, sibishi. Aliyetuma video naye alitaka kufariji. Hilo nalikubali kwa shida. Lakini nani amewageuza Wajapani zaidi ya milioni 120 kuwa kinywa kimoja cha kutupa mawaidha? Sisi hukereka tukisikia mgeni akianza na "kuna methali ya Kiafrika", kana kwamba bara zima lililelewa na bibi mmoja. Basi mbona tunawatenda wenzetu yale yale?

Mimi Japani naipenda kwa majina ya watu. Sijafika huko, lugha yao siijui, na karibu kila nilichokiona nimekiona kwenye kioo cha simu. Hata hivyo nimekaa na kazi za wasanii wao miaka, nikisoma habari za waliozifanya. Yayoi Kusama, mzaliwa wa Matsumoto mwaka 1929, huku kwetu husambazwa kama bibi wa nywele nyekundu na maboga ya madoa. Madoa yale alianza kuyaona utotoni, yakitanda kila mahali mpaka yakamtisha, ndipo akayachora. Miaka ya 1970 alichagua mwenyewe kuishi katika hospitali ya magonjwa ya akili Tokyo, akawa anatoka kwenda kazini kwake na kurudi. Nikishajua hayo, siwezi kuliangalia boga lake la manjano kama pambo.

Ila aliyenishika moyo ni Chiharu Shiota, mzaliwa wa Osaka mwaka 1972, ambaye makao yake ni Berlin. Alipokuwa mtoto, nyumba ya jirani yao iliungua, na baadaye akaiona piano imetolewa nje, nyeusi, haina tena sauti. Alipokuwa mtu mzima alichukua piano iliyoungua, akaizungushia viti vilivyoungua, kisha akafuma nyuzi nyeusi kutoka kwenye piano hadi kwenye viti, hadi ukutani, hadi darini, chumba kizima. Hakuitengeneza. Hakuipaka dhahabu. Aliiacha na ukaa wake, na ule ukimya wake akauonyesha kwa nyuzi, zikatanda hewani pale ambapo muziki ungepita.

Na hakuwa anacheza na huzuni ya watu wengine. Mwaka 2017 jumba la sanaa la Mori, Tokyo, lilimwalika afanye maonyesho makubwa. Siku iliyofuata akaambiwa saratani yake imerudi. Alitibiwa huku akiyaandaa. Wanaodai kwamba sanaa ya namna hii ni ya matajiri wachache wajue kuwa maonyesho hayo ya 2019 yalitazamwa na watu zaidi ya 600,000.

Hatukujuana jana na Wajapani. Leso nyingi zilizovaliwa pwani hii miaka ya 1950 na 1960 zilichapwa Japani, jina na yote. Kila nikiikunjua leso ya bibi yangu huwaza juu ya mafundi wale, wasiokijua Kiswahili, waliotunza kila herufi ili mafumbo ya mama zetu yafike salama Mombasa. Wao walikuwa makini na maneno yetu. Sisi yao tunayakata vipande na kuwarushia wafiwa.

Juzi nilimpelekea shoga yangu picha ya ile piano. Niliogopa, sikujua ataipokeaje. Aliikuza kwa vidole viwili, akaitazama miguu ya piano, viti, nyuzi.

"Aliipangusa kwanza?"

"Hakuipangusa."

"Hata masizi?"

"Hata masizi."

Akanyamaza tena, lakini safari hii simu hakuiweka. Jioni, wanunuzi wa vyuma chakavu walipofika na mkokoteni wao, aliwaachia cherehani mbili. Ya tatu, ile aliyoanzia kazi, aliwaambia haiuzwi.