Tovuti ya mazingira ya Dar es Salaam isomwe na wote

Jiji la Dar es Salaam lina mengi ya kueleza kuhusu mazingira: mabasi ya mwendokasi yaliyoliletea tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na kazi kubwa ya kulinusuru bonde la Mto Msimbazi na mafuriko. Ikijengwa tovuti ya kuzitangaza juhudi hizi, naona kazi ianze na msomaji mwenye ulemavu, kabla ya kuchagua picha za ukurasa wa mbele.

Tumezoea kuona tangazo la umma likichapwa, likigongwa mhuri, likiskaniwa kisha kupandishwa mtandaoni kama picha. Mwenye macho hulisoma. Asiyeona, anayetegemea programu ya kusoma skrini kama NVDA kwenye kompyuta au TalkBack kwenye simu, mara nyingi haambulii neno, kwa kuwa programu hizo zimeundwa kusoma maandishi halisi. Tangazo hilo likiwa ni tahadhari ya mvua kubwa kwa wakazi wa Jangwani au Kigogo, anayelikosa ndiye hasa aliyehitaji kupata habari mapema, kwa sababu kuhama kunamchukua muda mrefu kuliko jirani zake.

Lipo pia suala la lugha, ambalo wasanifu hulipita haraka mno. Msimbo wa kila ukurasa una mahali pa kutaja lugha yake. Msanifu akiacha pale Kiingereza kilichokuja na kiolezo, sauti ya kompyuta inaweza kusoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na msikilizaji asielewe kitu. Tiba yake ni herufi mbili tu: sw.

Ramani za maeneo hatarishi nazo zisitegemee nyekundu na kijani peke yake, bali ziambatane na orodha ya mitaa kwa maandishi, ambayo hufunguka upesi hata kwa mwenye bando dogo. Miongozo ya kimataifa ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na hilo humfaa mwenye uoni hafifu sawasawa na anayesoma simu juani kituoni. Video ziwe na manukuu na mkalimani wa lugha ya alama.

Watakaolalamikia gharama wavitazame vituo vya mwendokasi, ambavyo sakafu yake ililinganishwa na ya basi tangu kwenye michoro ili kiti cha magurudumu kiingie bila kunyanyuliwa. Kuirekebisha baadaye kungemaanisha kubomoa. Isitoshe, mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 9 inaitaja intaneti waziwazi.

Kwa hiyo masharti haya yaandikwe ndani ya zabuni yenyewe, na mzabuni asilipwe fedha ya mwisho mpaka wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa viungo, wakilipwa kwa kazi hiyo, wameitumia tovuti kutafuta ratiba ya kuzolewa taka mtaani kwao na wameipata bila kusaidiwa.