Sikupora Toroli la Smokie

Kabla hamjaendelea kunipigia simu: ndiyo, kwenye ile video ya Sunken, yale maegesho ya magari mjini Nairobi, ni mimi. Suruali ya kijani, helmeti ya baiskeli ya mtoto, mdomo wazi. Lakini yale maneno Mama Tiffa aliyoandika chini yake, eti "mama wa watu akitoroka na toroli la smokie pale Sunken", ni uchochezi mtupu. Sikupora toroli la mtu la kuuzia smokie, zile soseji za moshi. Toroli lilitokea mbele yangu wakati nilipolihitaji, nikalishika, nalo likanisaliti.

Mlio nami tangu zamani mnajua nilikuwa matata kwenye viatu vya magurudumu. Kabla ya watoto, kabla ya mkopo wa Sacco, Jumapili baada ya misa ungenikuta mjini narudi kinyumenyume, mkono kiunoni, vijana wananipisha. Kisha nikazaa, nikapata mgongo, viatu nikampa binti ya dada yangu. Basi.

Sasa juzi Jumapili tunapita Sunken na Mama Tiffa na watoto wake, nikasikia yale magurudumu kwenye saruji. Krrrrr. Siku hiyo magari ni machache mle ndani, kwa hiyo uwanja unakuwa wa watoto wa skeiti. Nikasimama. Nikasema tu, kwa sauti ndogo, "Mimi zamani nilikuwa naweza hii kitu."

Mama Tiffa akageuka. "Si uweke basi tuone?"

Mbele ya watoto wake. Nyinyi mngefanyaje?

Kijana wa kukodisha aliniuliza, "Mathe, unavaa namba ngapi?" Saba. Akaniletea vilivyokuwa na joto la miguu ya mtu mwingine, akapiga magoti, akanifunga mikanda mpaka vidole vikafa ganzi. Nikasimama. Yaani nilidhani nimesimama; kumbe nilikuwa nimemshika kichwa. Mikono ilinitetemeka, na jasho lilitoka sehemu ambazo sikujua hutoa jasho. Nikaambaa ukutani polepole, nikihema, mpaka katoto fulani ka shanga za nywele kakaniambia kwa heshima zote, "Shosho, songa kidogo."

Shosho! Mimi! Na mtoto wangu mkubwa hata hajamaliza shule ya msingi.

Hilo neno ndilo lililoniondoa ukutani.

Hapa lazima niwaeleze jambo la breki, maana wanaonicheka wengi hawajui hata skeiti zinasimamaje. Zile zangu za zamani zilikuwa na magurudumu mawili mbele, mawili nyuma, na breki ni donge la mpira lililo mbele, chini ya vidole. Ukitaka kusimama, unainamisha ncha ya mguu, mpira unakwaruza chini, mambo yameisha. Hizi nilizokodi magurudumu yamepangwa mstari mmoja, na mpira uko nyuma ya kisigino, tena mguu wa kulia peke yake. Unatanguliza mguu huo, unainua vidole, unakandamiza kisigino. Kijana alinieleza yote, na akaongeza nikunje magoti, kifua kiende mbele, nisijaribu kamwe kuegemea nyuma. Mimi nilikuwa namwitikia "sawa, sawa" huku nikiangalia kama Mama Tiffa ameshatoa simu.

Alikuwa ameshatoa.

Nikazunguka uwanja vizuri tu. Nikazunguka tena, nikapunga mkono. Damu ya zamani ikachemka, nikajivuta mpaka juu ya ule mteremko wa kuingilia magari. Kutoka chini unaonekana mteremko wa kawaida. Ukiwa juu yake na magurudumu miguuni, ni kreta ya Menengai.

Nikajiachilia.

Sekunde ya kwanza ilikuwa tamu, siwafichi. Upepo usoni. Sekunde ya pili nikagundua upepo umezidi. Mwili ukafanya kile mwili wa mtu mwoga hufanya, ukaegemea nyuma, na miguu ikapata ruhusa ya kwenda bila mimi. Nikakumbuka breki. Akili ilikumbuka zile za zamani. Nikainamisha vidole kwa nguvu zangu zote, na gurudumu la mbele, ambalo kazi yake ni kuzunguka, likazunguka.

Chini ya mteremko palikuwa na muuza smokie. Namwona mpaka leo. Ana aproni nyekundu, kisu mkono wa kulia, ameshika smokie aliyokwisha kuipasua katikati, anajaza kachumbari taratibu kwa kijiko. Mteja wake ananiona kwanza. Mteja anarudi nyuma hatua moja, kimya, bila kumwambia mwenzake kitu. (Wewe mteja, kama unasoma hii, Mungu anakuona.) Muuzaji anainua macho. Tunatazamana. Mimi natamka, na mmesikia wenyewe kwenye video, "Samahani, samahani, samahani," kama kondakta anayeomba watu wasonge nyuma.

Nikalikumbatia toroli.

Na toroli, jamani, lina magurudumu.

Hilo halikuwa akilini mwangu hata kidogo. Niliona chuma, nikaona kitu kizito cha kushika, nikadhani nimeokoka. Tukaondoka pamoja. Mayai ya kuchemsha yalianza kugongana, chupa ya pilipili ikalala, bakuli la kachumbari likaja polepole kwenye ukingo, likasita, likaniangalia, likanimwagikia kifuani lote. Nyanya zikaingia ndani ya blauzi. Muuzaji akawa anakimbia kando yangu, kisu bado mkononi, akipiga kelele "Kastoma! Kastoma! Achilia!" Ukiitazama video bila sauti, kweli unaona mwanamke anatoroka na biashara na mwenyewe anamfukuza kwa kisu. Hapo Mama Tiffa namwelewa kidogo. Kidogo tu.

Tulisimamishwa na Probox iliyoegeshwa. King'ora chake kikalia mpaka watu wa barabarani wakaja kuchungulia.

Mengine ni mafupi. Niliinuliwa, goti limechubuka, mwenye Probox hakutokea, gari halikuwa na alama. Nililipa mayai na kachumbari kwa M-Pesa, na ujumbe ulipoingia muuzaji akausoma kwa sauti, majina yangu yote matatu, umati ukapiga makofi. Nyumbani baba watoto aliuliza kwa nini nanuka dania.

Sasa kuna mmoja ameniandikia eti mimi ni Philip Boit wa Sunken. Naomba heshima. Boit alikuwa mkimbiaji kutoka huko Eldoret aliyejifunza kuteleza kwenye theluji akiwa mtu mzima, na mwaka 1998 akaenda Olimpiki ya Nagano kushindana kilomita 10 na watu waliozaliwa kwenye theluji. Akamaliza wa mwisho, wa 92, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe, akamsubiri pale mwisho amkumbatie. Kama dakika 20 alisubiri, kwenye baridi! Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Mimi niliyemkumbatia alikuwa toroli, na aliyenisubiri mwisho alikuwa na simu anarekodi.

Kijana wa kukodisha naye ameuliza kama nitarudi Jumapili, eti video imemletea wateja. Nimemwambia nafikiria. Mwenye kujua mahali zinapokodishwa zile za zamani, breki mbele, namba saba, aniandikie pembeni. Mama Tiffa asijue.