Mtoto wa ndani anahitaji watu wa nyumbani pia

Wacha niseme hii kitu, juu kila mara mtu wa majuu akitaja kuponya mtoto wa ndani, yaani yule mtoto ulikuwa, na maumivu yake bado unayabeba ukiwa mtu mzima, watu wa nyumbani wanamjibu ati ameharibiwa na wazungu, sisi wote tulichapwa na tuko sawa. Hapana, hatuko sawa. Mtu mzima anayeshtuka mlango ukigongwa kwa nguvu hayuko sawa, na yule baba anayelewa kila wikendi juu hajawahi kuruhusiwa kulia pia hayuko sawa. Madaktari wawili kule Marekani, Felitti na Anda, walichapisha utafiti mwaka wa 1998 ukaonyesha kadiri mtu alivyopitia mabaya mengi utotoni ndivyo hatari ya mfadhaiko, ulevi na hata ugonjwa wa moyo inavyopanda. Kwa hivyo huku si kujidekeza.

Mimi ni nesi Ujerumani. Huku bima ya kawaida inalipia therapi, yaani kuongea na mtaalamu wa akili, ingawa kupata nafasi utangoja miezi. Ukiingia ni dakika 50 zako, hakuna wa kukukatiza, hakuna wa kukuambia shukuru Mungu kuna wenye shida kukushinda. Kwetu Kaptembwo, mtaa wa Nakuru huko Kenya, nyumba ilikuwa chumba kimoja na pazia katikati, siri utaongelea wapi na jirani anasikia hadi ukikohoa? Hapo huku wametushinda kabisa.

Kazi yenyewe si uchawi. Unamkumbuka wewe wa miaka sita ama nane, amevaa nini, anaogopa nini, halafu wewe mtu mzima unamwambia yale hakuna mtu alimwambia, kwamba haikuwa makosa yake. Wengine wanaandika barua, wengine wanaongea na kiti tupu. Mimi niliambiwa nilete picha ya utotoni, na zetu ziliungua na nyumba Januari 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, tulitoka na blanketi na sufuria tukaenda kulala uwanja wa maonyesho ya kilimo pale Nakuru na maelfu ya wengine. Nikamwomba anti yangu. Akanitumia moja ya darasa la nne kwa WhatsApp, amepiga picha juu ya picha, kidole chake kinaonekana kwa kona, mimi niko na sweta imetoboka kiwiko na macho yamevimba. Halafu akatuma voisi: "Mami, hiyo siku mamako alikuwa amekuchapa na waya juu ulipoteza soksi. Nilikuwa hapo mlangoni na sikusema kitu. Pole sana mami."

Sasa hiyo pole therapisti hawezi kunipa hata asome miaka ngapi, juu hakuwa pale. Ndio maana sikubaliani na hawa washauri wa mitandao wanaosema mbloki mzazi, kata ukoo wote, jilinde. Kuna wazazi ni hatari kweli, na mtu aliyenajisiwa asilazimishwe kukaa meza moja na aliyemfanyia, hapo sina mjadala. Lakini mama yangu alikuwa na watoto watatu kwa hema, kibanda chake cha mboga kimeenda, na hadi leo hakuna mtu amemuuliza usiku ule aliona nini. Waya haikuwa sawa, nasema hivyo hata mbele yake. Lakini huyo pia kuna mtoto ndani yake, na yeye hana bima ya Ujerumani.

Kule Harare kuna daktari anaitwa Dixon Chibanda, tangu 2006 wanafundisha akina nyanya wakae kwa benchi la mbao nje ya kliniki wasikilize watu, na wanaokaa nao wanapata nafuu kweli. Hiyo ndio naona ingetufaa Kaptembwo, Bondeni, hata Nyalenda kule Kisumu, juu shosho tunao, na wengi wao walikuwepo hiyo Januari, hauhitaji kuwaelezea kitu. Mama mboga hatawahi kulipa mtaalamu kila wiki. Kaunti ianze na benchi moja nje ya zahanati ya mtaa na mafunzo ya maana, na huyo shosho alipwe, asifanye hii kazi ya bure kama zile zingine zote.

Mimi nakuja Desemba. Nimemwambia anti awe ndani ya nyumba siku nitaongea na mama, juu peke yangu sitaweza, na sidhani mama ataweza akiwa peke yake.